Antena ya 8 kHz na 137 kHz uwanjani kwako: jinsi ya kupunguza omu zinazokula nguvu

Wadau wa redio, hii ni kwa wale wanaotaka kushuka chini kabisa, 137 kHz au ile 8.27 kHz wanayochezea watu wa Ulaya, na wamegundua kwamba ampu inachemka, koili inachemka, lakini upande wa pili hakuna anayesikia kitu. Nguvu haijapotea kimiujiza, imegeuka joto, na kazi yetu hapa ni kujua imegeukia wapi maana ukikosea mahali pa kutafuta utanunua shaba mpaka uishiwe hela na hakuna kitakachobadilika.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Wimbi la 137 kHz lina urefu wa mita kama 2190, la 8.27 kHz ni zaidi ya kilomita 36. Robo ya hiyo ni kilomita 9, na wewe una mlingoti wa mita 12 na waya umelala juu yake. Kwa antena fupi namna hiyo kuna hesabu moja tu unayohitaji: gawanya kimo cha antena kinachofanya kazi kwa urefu wa wimbi, jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu zidisha kwa 1579. Hizo ndizo omu za kurusha, yaani sehemu ya ukinzani inayogeuka mawimbi. Tuseme mlingoti wako wa mita 12 wenye waya mrefu juu unafanya kazi kama mita 10. Kwenye 137 kHz unapata omu 0.033. Kwenye 8.27 kHz unapata omu 0.00012, ndiyo, sufuri tatu baada ya nukta. Omu zingine zote zilizobaki kwenye sakiti ni omu za hasara, na kwenye uwanja wa kawaida hizo ni makumi kwenye 137 na ni mamia huko 8.

Sasa angalia maana yake kwenye mfuko. Mkutano wa dunia wa redio wa 2007 uliwapa wapenzi wa redio 135.7 hadi 137.8 kHz kwa kikomo cha wati 1 EIRP, yaani nguvu ya kurusha ukilinganisha na antena ya kufikirika inayorusha sawa pande zote. Ili ufike hiyo wati 1 antena fupi inatakiwa irushe theluthi moja ya wati tu, na kwa omu 0.033 hiyo ni mkondo wa ampea 3.2 hivi kwenye waya. Kama omu zako za hasara ni 100, ampu inatakiwa itoe kilowati nzima. Zikiwa 50 ni wati 500. Zikiwa 25 ni wati 250, ishara ile ile, msikilizaji wa mbali haoni tofauti hata chembe. Kwa hiyo kila omu unayoua ni ampu ndogo, pawa saplai ndogo, na joto kidogo. Huko 8.27 wati 1 ni ndoto, watu wanarusha maikrowati kadhaa na bado zimewahi kuvuka Atlantiki kwa kutuma polepole mno na saa ya GPS, ila kanuni haibadiliki.

Kosa la kwanza ninaloliona kwa wengi ni kukimbilia waya mnene wa antena. Hebu tupige hesabu. Antena yetu ya mfano iwe na mita 12 za kupanda na mita 65 za kulala juu, waya wa nyumba wa kawaida wa 1.5 mm². Mkondo kwenye ule waya wa juu unapungua kuelekea ncha mpaka unaisha, kwa hiyo sio waya wote unaobeba mzigo sawa, na hata ukijumlisha kwamba kwenye 137 kHz mkondo unapita kwenye ngozi ya shaba tu, kina cha kama 0.18 mm, bado ukinzani wa waya haufiki omu 1. Ukibadilisha ukaweka 2.5 mm² umeokoa kama omu 0.2. Kati ya omu kama 60 za hasara ya antena nzima! Hela hiyo peleka kwingine, na tena waya mnene ni mzito, unalegea, unashuka chini, na kimo ndicho kitu pekee huwezi kuchezea maana omu za kurusha zinapanda kwa mraba wa kimo.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Tafuta duara la feraiti, yale ya filta za pawa saplai yanafaa kwa sababu yanafanya kazi vizuri masafa ya chini, lizungushie mizunguko 50 ya waya mwembamba, weka rezista ya omu 50 kwenye ncha zake, halafu pitisha waya wa ethi wa antena katikati ya tundu mara moja. Hapo kila ampea 1 ya antena inakupa volti 1 kwenye rezista. Iweke upande wa chini wa koili, upande wa ethi, usiiweke upande wa antena kabisa, kule kuna maelfu ya volti. Antena ikishakaa kwenye rezonansi, yaani koili na kapasitensi ya antena zikifutana kabisa, angalia kwa osiloskopu volti inayoingia na mkondo: vikipanda na kushuka pamoja, gawanya volti kwa ampea na hizo ndizo omu zako zote kwa jumla. Kama huna osiloskopu tumia wati, uzigawe kwa mraba wa ampea: wati 36 zikikupa ampea 0.3, basi una omu 400.

Njia nyingine ni upana. Antena yetu ya mfano ina kapasitensi ya kama pikofaradi (pF) 400 (hesabu pF 6 kwa kila mita ya waya unaopanda na pF 5 kwa kila mita ya waya uliolala, inatosha kuanzia). Kwenye 137 kHz hiyo ni omu 2900 za kapasitensi. Sogeza masafa juu na chini mpaka mkondo ushuke kufika asilimia 70 pande zote mbili, ukikuta tofauti ni 3 kHz basi 137 gawa kwa 3 ni kama 46, na 2900 gawa kwa 46 ni omu 63. Ile NanoVNA, kipimo kidogo cha antena cha bei rahisi, inaanzia 50 kHz kwa hiyo 137 inapima, ingawa kama kuna kituo cha AM karibu na wewe namba zitarukaruka, pima usiku wa manane wakizima kama wanazima. Kwa 8 kHz inabidi urudi kwenye saundi kadi ya kompyuta na osiloskopu.

Baada ya hapo toa koili, iweke peke yake mezani mbali na vyuma, iunganishe na kapasita nzuri ya polipropilini yenye pF sawa na antena yako, iamshe kwa mzunguko mmoja wa waya uliowekwa karibu bila kugusana, na uone tena upana. Ncha ya osiloskopu usiifunge kwenye koili, isogeze karibu tu, la sivyo yenyewe itaongeza hasara na utapima kifaa badala ya koili. Unapata omu za koili. Ukizitoa kwenye jumla, zilizobaki ni za udongo, miti na nyumba.

Na hapa ndo masafa mawili yanapoachana. Kwenye 137 kHz koili ya kawaida iliyosukwa kwa uangalifu itakupa omu 10 au 12, ukiisuka vizuri sana 6, na zile 50 zilizobaki ziko ardhini na kwenye majani, kwa hiyo anza na ardhi. Kwenye 8.27 kHz koili yenyewe inaweza kuwa mwizi mkubwa kuliko vyote.

Twende nayo polepole hii ya 8.27 maana ndiyo yenye mambo. pF 400 kwenye masafa hayo ni omu 48,000, na ili uzifute unahitaji koili ya karibu henri 1 nzima. Chukua pipa la plastiki la upana wa sentimita 40, urefu wa kusukia sentimita 76. Safu moja ya kukuletea 0.93 H inataka mizunguko kama 2350, ambayo ni karibu kilomita 3 za waya, na ili mizunguko yote iingie kwenye hizo sentimita 76 shaba haiwezi kuzidi 0.28 mm. Kilomita 3 za waya huo ni zaidi ya omu 800. Umeshabeba omu 800 za hasara kabla hujagusa ardhi! Kwa ampea 0.3 hizo ni wati 70 na zaidi zinapasha moto pipa.

Sasa usinunue waya kwanza, ongeza waya wa juu. Ukifikisha pF 800 henri zinazohitajika zinakuwa nusu, mizunguko inashuka mpaka kama 1660, na kwa kuwa ni michache kwenye pipa lile lile unaweza kutumia shaba ya 0.4 mm. Waya umekuwa mfupi na mnene kwa mpigo mmoja: kilomita 2.1, omu chini ya 300. Umezidisha kapasitensi mara mbili, hasara ya koili imebaki theluthi. Na juu ya hayo volti nazo zimekuwa nusu, ampea 0.3 kwenye pF 400 ni volti 14,400, kwenye pF 800 ni 7,200. Ndiyo maana nasema kofia ya antena, yaani waya za juu, ndiyo kitu cha kwanza cha kuwekeza. Ila usidanganyike, kuweka waya tatu sambamba hakuzidishi kapasitensi mara tatu, zikikaribiana zinanyang'anyana, ziachanishe mita moja na zaidi au zielekeze pande tofauti kabisa. Na zisishuke chini kwenye ncha ukadhani umeongeza urefu, waya unaoteremka unafuta kimo ulichokihangaikia.

Kuhusu kusuka koili yenyewe. Kwa 137 kHz waya mmoja mnene haufai sana, mkondo unakimbilia pembeni na waya jirani zinausukuma zaidi, unahitaji waya wa Litz, yaani nyuzi nyingi nyembamba zenye vanishi kila moja na zimesokotwa pamoja. Kuununua ni ghali na huku kwetu haupatikani dukani, lakini waya wa kusuka mota wa 0.2 mm au mwembamba zaidi unapatikana kwa mafundi mota. Nyoosha nyuzi 20 au 30 urefu wa uwanja, funga ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye drili, izungushe polepole mtu mwingine akishikilia zisikunjike. Mahali pa kuwa makini ni ncha: kila uzi lazima vanishi yake iondoke na ushike risasi ya kulehemu (solda). Pasua ncha zote kama mkia wa ng'ombe, kwangua au choma uzi mmoja mmoja, chovya kwenye risasi ya moto, halafu pima na testa uzi kwa uzi kabla hujaziunganisha pamoja. Nyuzi tano zikikosa risasi zimekaa tu kwenye uwanja wa sumaku wa wenzake, hazibebi mkondo wa kazi lakini zinachangia joto. Huko 8 kHz ngozi ya shaba ina kina cha 0.73 mm kwa hiyo Litz sio lazima, waya wa kawaida mwembamba unatosha na shida yako ni ukinzani wa shaba wenyewe.

Kama koili ya henri nzima haitoshi kwa safu moja yenye waya wa maana, suka nyingi na uziunganishe mfululizo, au suka kwa vyumba vyumba, kila chumba safu kadhaa halafu nafasi, kisha chumba kingine. Usisuke safu ndefu ya kwenda na kurudi pipa zima, maana mwanzo na mwisho wa koili vitakuwa juu ya mwenzake vikiwa na tofauti ya maelfu ya volti, na kapasitensi ya ndani ya koili inaongeza mkondo unaozunguka humo humo bila kwenda kwenye antena. Pipa la plastiki la bluu au ndoo ya polipropilini ni bora kuliko bomba la PVC, PVC inakula nguvu zaidi kwenye uwanja mkali wa umeme. Nyeusi iache, nyingi zimewekwa masizi ya kaboni. Halafu iweke koili mbali na bati, nondo na ardhi angalau upana wake mmoja, na iezekwe, unyevu juu ya vanishi ni hasara.

Ardhi sasa. Watu wengi wanachimbia fimbo moja ya ethi mita moja na nusu wanaona wamemaliza. Kwenye masafa haya mkondo haukai juu juu, kwenye udongo wa kawaida wa omu-mita 100 unazama mita 13 hivi kwa 137 kHz, na kama mita 55 kwa 8 kHz, unatoka chini ya waya wako wote wa juu kisha unarudi kwenye ethi yako. Fimbo moja inamaanisha mkondo wote unabanana kwenye mlango mmoja mwembamba. Weka nyingi, ziachane angalau mara moja au mbili ya urefu wake, zikikaribiana ni kama umeweka moja, na uziunganishe kwa waya unaopita chini ya waya wa juu, sio upande mwingine wa nyumba ambako hakuna antena. Bomba la kisima la chuma liunganishe, uzio wa waya unaogusa ardhi uunganishe. Fimbo ya pili inakupa faida kubwa, ya kumi ndogo, pima baada ya kila moja na uache pale namba inapogoma kushuka. Wapo wanaomwaga chumvi, mimi sishauri, inatafuna shaba na mvua moja inaisafisha. Aliye karibu na maji ya bahari au matope ya mikoko ana bahati yake. Na ethi ya umeme wa nyumba usiitegemee kwa kazi hii, itakuletea kelele zote za chaja za mtaa mzima.

Wakubwa walitatua hili kwa njia nyingine ambayo inafaa kuijua. Kituo cha Grimeton kule Sweden, kilichojengwa 1922 hadi 1924 na bado kinawashwa siku chache kwa mwaka kwenye 17.2 kHz kwa alama ya wito ya SAQ, kina minara sita ya mita 127, na waya haushuki mahali pamoja, unashuka mara sita, kila mshuko na koili yake na ethi yake. Mkondo ukigawanyika mara sita, kila ethi inabeba sehemu ya sita, na kwa kuwa hasara inakwenda kwa mraba wa mkondo, jumla ya hasara ya ardhi inashuka mpaka sehemu ya sita. Ni akili ya mhandisi Alexanderson hiyo. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 40 sioni faida ya kuiga na koili mbili, kwa sababu ethi zako zitakuwa zinakanyagana na kila koili inatakiwa iwe na henri mara mbili, hela hiyo iende kwenye fimbo na waya wa juu. Ila kama una shamba, jaribu.

Miti ndiyo hasara ambayo watu hawaitaki kuikubali. Mwembe wenye majani mabichi chini ya waya wenye volti 10,000 ni kondakta mbaya unaochota mkondo na kuugeuza joto, na kadiri masafa yanavyoshuka omu za aina hii kwa kawaida zinapanda. Huhitaji kukata mti, sogeza waya mita kadhaa, pandisha, au punguza matawi yanayoelekea waya, kisha pima tena. Jani likigusa waya usiku utaona cheche ya zambarau na asubuhi jani lina tundu jeusi. Waya unaopanda nao usiulaze kwenye ukuta wa nyumba, uuachanishe na ukuta na bati.

Kamba za kuvutia ziwe za plastiki, na vihami vya kauri au plastiki virefu, kwenye pwani uvioshe maana chumvi yenye unyevu inafanya njia ya mkondo. Ncha za waya zisiwe kali, zikunje ziwe kitanzi cha mviringo, la sivyo zinatoa umeme hewani kwa kuvuma na hiyo nayo ni hasara. Na hapa niseme bila utani: hii volti inaunguza nyama mpaka mfupa. Koili na mguu wa antena vizungushiwe uzio ambao mtoto hafiki, na wakati wa radi antena yote ishushwe kwenye ethi. Leseni pia, jedwali la kimataifa la masafa linaanzia 8.3 kHz tangu mkutano wa 2012, ndiyo maana wadau wako 8.27, lakini kila nchi ina sheria zake kwa hiyo ulize mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kabla ya kuwasha.

Ukifanikiwa utakutana na shida mpya. Omu zikishuka, antena inakuwa nyembamba. Kwa pF 400 na omu 400 kwenye 8.27 kHz upana wote ni Hz 69 tu. Upepo ukiuyumbisha waya kiasi cha kubadilisha kapasitensi kwa asilimia 1, rezonansi inahama Hz 41, na mkondo wako unaporomoka huku ampu ikilalamika. Kaza waya zisilegee, na ndani ya koili kubwa ning'iniza koili ndogo iliyounganishwa nayo mfululizo, inayozunguka kwenye ekseli ya mti au plastiki, uivute kwa kamba ndefu kutoka mezani kwako ukiwa unaangalia ile rezista ya feraiti. Mota ndogo ya waipa ya gari inafanya kazi hiyo hiyo, mradi ikae chini upande wa ethi na ekseli isiwe ya chuma.